Mwenzetu wa kundi amefariki. Nibaki au nijitoe?

SWALI: Daktari, shikamoo. Nina miaka 36, naishi Mwanza, nina watoto wawili. Mwaka jana niligundulika nina saratani ya damu, ile wanayoiita CML. Natumia imatinib miligramu 400 kila siku. Kliniki tulizoeana wagonjwa, tukafungua kundi la WhatsApp la kutiana moyo. Tulianza wachache, sasa tumejaa: wapo wa lukemia za kila aina, wa mailoma (saratani nyingine ya uroto wa mifupa), hata wa tezi. Aliyekuwa nguzo yetu, dada mmoja mcheshi kweli, alifariki mwezi uliopita. Yeye alikuwa na AML. Tangu tumzike sina hamu ya kitu. Dawa nimeruka siku kadhaa, na nikimeza natapika. Majibu yangu ya PCR, kile kipimo cha damu cha kuangalia ugonjwa umebaki kiasi gani, ya kutimiza mwaka yametoka 0.8, wakati wenzangu wanatuma ya kwao yameandikwa "haionekani". Mmoja ameacha dawa kabisa, anasema amepona. Mwingine anatuuzia unga wa majani ya mstafeli. Mume wangu anasema kundi hilo ndilo linaloniua moyo, nitoke. Je, nitoke? Na ni kweli mgonjwa wa saratani akipoteza moyo ugonjwa unapanda? Maana kama aliyekuwa na moyo kuliko sisi sote ndiye aliyekufa, tunadanganyana nini?

JIBU:

Marahaba, dada yangu, na poleni sana kwa msiba. Umeuliza kama utoke kwenye kundi, lakini nikisoma barua yako naona umefiwa na mtu uliyempenda, unahofu kwamba zamu yako imekaribia, na unashuku kwamba maneno yote ya "tusikate tamaa" yalikuwa porojo tu. Yote matatu yana majibu, na majibu yake hayafanani. Ila kuna jambo haliwezi kungoja nimalize maelezo, nalo ni dawa.

Kuanzia leo usiruke. Imatinib hukera tumbo, na wengi wanaoitapika huwa wanaimeza asubuhi kabla ya kula, au wanaisindikiza na mafunda mawili ya maji. Imeze katikati ya mlo wako mkubwa wa siku, ambao kwa familia nyingi ni chakula cha usiku, pamoja na glasi kubwa ya maji iliyojaa, kisha usiende kitandani moja kwa moja. Kaa kwanza saa moja au mbili. Ukitapika, usimeze kidonge kingine cha kufidia, subiri dozi ya kesho. Siku uliyosahau nayo usiilipe kwa vidonge viwili. Ukifanya hivyo wiki nzima na bado unatapika, rudi kliniki: dawa za kuzuia kichefuchefu zipo na hazina gharama kubwa. Kutapika ni tatizo linalotibika, kwa hiyo usilifanye kuwa sababu ya kuacha dawa.

Sasa nije kwa marehemu. "Saratani ya damu" ni jina la familia kubwa ya magonjwa, na wanafamilia wake hawafanani tabia. Wewe na yeye mlikaa benchi moja kliniki, mkatolewa damu kwa sindano zilezile, mkaonwa na daktari mmoja, lakini ugonjwa wako na wake ni tofauti kabisa.

Wako huanza hivi. Ndani ya uroto wa mifupa, ambako damu hutengenezwa, seli mama moja hukosea wakati wa kujigawa: kipande cha kromosomu ya 9 na kipande cha kromosomu ya 22 hubadilishana nafasi. Kromosomu ya 22, ambayo hufupika kwa mabadilishano hayo, ilionekana kwanza mwaka 1960 na watafiti wa mji wa Philadelphia, Marekani, ndiyo maana huenda kwenye faili lako pameandikwa "Philadelphia chanya". Mwaka 1973 Janet Rowley wa Chicago ndiye aliyeonyesha kwamba ni vipande viwili vilivyobadilishana. Hata siku ya kimataifa ya CML huadhimishwa tarehe 22 Septemba, mwezi wa 9, kwa sababu ya namba hizo. Pale vipande vinapoungana huzaliwa jeni ambayo haikuwepo, BCR-ABL, nayo hutoa protini inayoiamrisha seli ijigawe bila kukoma. Ifikirie kama pampu ya kisima ambayo swichi yake imekwama ikiwa imewashwa: tangi limejaa, maji yanafurika, na pampu bado inasukuma. Kwako mafuriko hayo ndiyo zile chembe nyeupe nyingi zilizoonekana kwenye kipimo cha kwanza, na ndiyo yaliyokujaza bandama upande wa kushoto ukawa unashiba kwa matonge machache.

Imatinib huingia palepale kwenye swichi na kuizuia. Pampu haiing'oi. Ndiyo maana siku dawa isipokuwepo kwenye damu, kazi huanza tena kimyakimya, bila maumivu yoyote ya kukuonya. Kabla dawa hii haijaidhinishwa Marekani Mei 2001, mtu mwenye CML aliyekosa kupandikizwa uroto alihesabiwa miaka michache. Waliofuatiliwa kwenye utafiti mkubwa wa kwanza wa imatinib, zaidi ya 8 katika kila 10 walikuwa hai baada ya miaka 10. Nimekutajia hilo kwa makusudi, kwa sababu naona tangu msiba unajihesabia miaka ambayo hakuna daktari aliyekuhesabia.

AML ya rafiki yako, yaani lukemia kali, ni ugonjwa wa mbio. Seli changa zisizokomaa huujaza uroto ndani ya wiki chache, na hazina swichi moja ambayo kidonge kimoja kinaweza kuizuia kwa watu wote. Tiba yake ya kawaida ni kemo nzito ya dripu, wodini, inayofuta uroto mzuri na mbaya kwa pamoja. Halafu zinafuata wiki tatu au zaidi za kungoja uroto mzuri uote tena, na hapo ndipo pa hatari: kinga hakuna, chembe sahani za kugandisha damu hakuna, na homa iliyoanza alasiri inaweza kuwa sepsisi, yaani maambukizi yanayoenea mwilini na kuua, kabla ya alfajiri. Mgonjwa anahitaji antibayotiki za mshipa bila kuchelewa, anahitaji kuongezewa chembe sahani, ambazo hazikai kwenye jokofu la benki ya damu kwa mwezi kama damu nyekundu bali huharibika ndani ya siku tano hivi, kwa hiyo watu wa kujitolea damu lazima wapatikane tena na tena. Hata katika nchi zenye kila kitu, AML huua wengi. Dada yule hakufa kwa kupungukiwa moyo, na ucheshi wake haukushindwa kazi, kwa sababu haukuwa dawa ya AML tangu mwanzo.

Hapo tumefika kwenye swali lako zito: je, moyo hutibu saratani?

Imani hii ina historia ya kisayansi pia. Mwaka 1989 David Spiegel wa Chuo Kikuu cha Stanford na wenzake walichapisha matokeo ya kina mama waliokuwa na saratani ya matiti iliyosambaa. Wale waliokutana kila wiki kuzungumza na kusaidiana walionekana kuishi muda mrefu zaidi kuliko wenzao wasiokutana. Dunia ikachangamka. Lakini sayansi haimwachi mtu aseme mara moja akaondoka. Utafiti mkubwa zaidi uliofanywa nchini Kanada na kuchapishwa mwaka 2001 ulirudia jambo lilelile, na haukuona nyongeza ya maisha. Spiegel mwenyewe alirudia kazi yake, na mwaka 2007 akatoa matokeo kwamba kwa jumla kundi halikurefusha maisha. Kilichobaki kimesimama ni hiki: wanaosaidiana hupungukiwa na huzuni na msongo, na katika ule utafiti wa Kanada waliyasikia maumivu kidogo kuliko wenzao. Mimi sioni hilo kuwa dogo hata kidogo. Anayelala usiku na mwenye kukesha si sawa. Lakini ni faida ya namna yake, haiingii kwenye uroto.

Kwa hiyo hapana, dada. Kulia kwako mwezi huu hakujapandisha ugonjwa, na wala usimruhusu mtu akwambie "usilie, utaurudisha". Maneno hayo nayasikia sana wodini, mara nyingi kutoka kwa ndugu wenye nia njema, na nayachukia, kwa sababu humbebesha mgonjwa mzigo wa pili: anaumwa, halafu anaona haya kuogopa. Una ruhusa ya kuogopa, kunung'unika na hata kumkasirikia Mungu wiki nzima. BCR-ABL haisikilizi.

Lakini ipo njia moja ambayo moyo hufika hadi kwenye damu, na ndiyo inayonifanya nisikubaliane moja kwa moja na shemeji, mumeo, anayetaka utoke. Njia hiyo ni kidonge. Mwaka 2010 madaktari wa hospitali ya Hammersmith, London, walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 87 wa CML waliokuwa wakitumia imatinib kwa miaka kadhaa. Waliwapa makopo ya dawa yenye vifuniko vinavyorekodi kila vinapofunguliwa, wagonjwa wenyewe wakiwa hawajui, wakafuatilia kwa miezi mitatu. Waliomeza zaidi ya asilimia 90 ya dozi zao, karibu wote walikuwa na nafasi ya kufikia kile kiwango kizuri cha PCR, yaani 0.1 kushuka chini. Waliomeza asilimia 90 au pungufu, ni chini ya theluthi moja tu. Na asilimia 90 ni nini? Ni kuruka siku tatu katika mwezi. Siku tatu tu: moja umesafiri, moja umefiwa, moja umechoka.

Sasa angalia mwezi wako ulivyokwenda. Mwenzako alipokuwepo, nadhani ulikuwa unameza. Alipoondoka, ukaruka. Kama kulikuwa na mtu anayekuuliza saa mbili usiku "umeshameza?", basi mtu huyo alikuwa sehemu ya tiba yako, kwa maana ya kawaida kabisa isiyohitaji muujiza. Mambo ya hivi nimeyaona kwa wagonjwa wangu: mwezi wa Ramadhani wanaofunga wanakumbushana kumeza mara baada ya kufuturu, kwa kuwa dawa ni mara moja kwa siku na inataka chakula na maji mengi. (Anayetaka kufunga azungumze na daktari wake kwanza.) Hizo ndizo jumbe za kutiana moyo ninazozithamini, kuliko picha za maua zenye maneno "wewe ni mshindi", ingawa sizikatazi.

Kuna na jambo jingine ambalo mimi na koti langu jeupe siwezi kukupa. Asubuhi unaamka kope zimevimba. Usiku misuli ya vigimbi vya miguu inakukaza mpaka unaruka kitandani. Halafu ngozi inaanza kuwa nyeupe kidogo usoni, na mawifi wananong'ona kwamba wifi yao siku hizi anajichubua. Daktari atakueleza kwamba imatinib, mbali na kuzuia BCR-ABL, huzuia pia protini iitwayo KIT, ambayo seli za rangi ya ngozi huitegemea, na kwamba si hatari. Maelezo ni sahihi. Lakini mwanamke mwenzako anayekwambia "hata mimi waliniita mchubuaji, nilivyowajibu ni hivi" anakufanya ucheke, na ukicheka hutaifungia dawa kabatini kwa sababu ya maneno ya ukweni. Huko Kenya wagonjwa wa CML wana chama chao, Henzo Kenya, kilichoanzishwa na wagonjwa wenyewe, na kazi ya vyama vya namna hiyo ni ya kila siku kama hii.

Nije kwenye 0.8 yako, maana nadhani ndiyo inayokunyima usingizi. Namba hiyo ni asilimia. Inasema kwamba kwa kila nakala 1,000 za jeni ya kawaida inayotumika kulinganishia, zipo kama 8 za BCR-ABL. Mwongozo tunaoufuata unataka ushuke hadi 10 au chini kufikia miezi 3, 1 au chini kufikia miezi 6, na 0.1 au chini kufikia miezi 12. Kwa hiyo sitakudanganya: 0.8 kwa mwaka mmoja haijafika inapotakiwa. Lakini haimaanishi dawa imeshindwa, kwa sababu kushindwa kwa hatua hii tunakuhesabu ikizidi 1. Upo eneo la tahadhari. Eneo hilo lina maana moja: tutafute sababu, turudie kipimo, kisha tuamue.

Hukusema kama damu ya kipimo hicho ilitolewa kabla au baada ya msiba. Mweleze daktari wako, na umweleze idadi ya siku ulizoruka bila kupunguza hata moja. Sisi hatuna fimbo. Mgonjwa akificha siku alizoruka, tunaweza kudhani dawa haifanyi kazi tukambadilishia, kumbe dawa ilikuwa kwenye pochi. Kama ulikuwa unameza vizuri muda wote na bado ni 0.8, maswali yanabadilika. Je, unatumia dawa nyingine? Rifampisini ya kifua kikuu hupunguza kiwango cha imatinib kwenye damu kwa zaidi ya nusu, na baadhi ya dawa za kifafa nazo hufanya vivyo hivyo, kwa hiyo kama unatibiwa TB au kifafa sehemu nyingine, pande zote mbili lazima zijue. Namba ikipanda licha ya kumeza, kuna kipimo cha kuangalia kama swichi yenyewe imebadilika umbo, na kuna dawa za kizazi cha pili kama dasatinib na nilotinib.

Kuhusu majibu ya wenzako: acha kuyalinganisha. Mmoja yuko mwaka wa saba wa dawa, wewe wa kwanza. Mwingine kapimwa maabara ambayo haitumii kipimo cha kimataifa, na "haionekani" ya mashine moja inaweza kuonekana kwenye mashine nyingine. Mwenye mailoma hana BCR-ABL kabisa, hilo neno kwake lina maana nyingine. Namba yako ilinganishe na namba yako ya miezi mitatu iliyopita, ikiwezekana kutoka maabara ileile. Kama ningekuwa na uwezo, ningeomba kila kundi la wagonjwa lipige marufuku kutuma picha za majibu. Anayetuma anafurahi dakika moja, na watu kumi hawalali.

Huyo aliyeacha dawa "amepona" simwiti mwongo, kwa sababu kuna ukweli ndani yake ambao haukusimuliwa wote. Kuacha dawa kwa CML kunawezekana. Wafaransa walilijaribu kwa watu 100 waliokuwa wametumia imatinib kwa miaka, na ambao BCR-ABL yao haikuonekana kwa angalau miaka miwili mfululizo. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka 2010, kati ya waliofuatiliwa kwa mwaka au zaidi, takriban 6 katika kila 10 ugonjwa uliwarudia, na wengi wao ndani ya miezi sita ya kwanza. Walirudishiwa dawa, wakaitikia tena. Lakini waliokolewa na nini? Walikuwa wanapimwa PCR kila mwezi, kwa hiyo kurudi kulionekana mapema. Mwenzenu kama hapimwi kila mwezi, hajapona, ameacha kuangalia tu. Mwambie kwa upole arudi kliniki. Kwako wewe mwenye 0.8, hilo si swali la mwaka huu wala mwaka ujao.

Mstafeli nao. Watu husema umethibitishwa kuua seli za saratani, na ni kweli kwamba viambato vyake vimeua seli kwenye vyombo vya maabara. Sabuni nayo huziua. Jambo ambalo muuzaji halisemi ni kwamba mmea huo una kiambato kiitwacho anonasini, ambacho ni sumu kwa neva, na katika kisiwa cha Guadeloupe, ambako watu hutumia sana matunda na chai ya majani yake, madaktari waliuhusisha na ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa unaofanana na Parkinson. Tunda lenyewe ukila mara mojamoja sina ugomvi nawe. Unga wa kila siku, usiojulikana umechanganywa na nini, juu ya dawa inayochujwa na ini, hapana. Na mtu anayewauzia wagonjwa wenzake dawa ndani ya kundi la faraja amegeuza faraja kuwa soko, admin ana haki ya kumtoa bila kumchukia.

Kuna tabia nyingine ambayo hukuitaja lakini naijua ipo kwenye makundi haya, ya kuazimana vidonge mtu akiishiwa kabla ya tarehe ya kliniki. Roho yake ni nzuri. Hata hivyo nilotinib inamezwa tumbo likiwa tupu na inaweza kuvuruga mapigo ya moyo, kinyume kabisa na imatinib inayotaka chakula, na rangi ya vidonge haisemi vyote. Ukibakiza vya wiki moja piga simu kliniki. Hapo ndipo kundi lifae: mwenye namba ya muuguzi aitoe, anayesafiri kwenda hospitali ambebee mwenzake barua, mwenye chumba karibu na hospitali amlaze anayetoka Ukerewe au Geita.

Basi, utoke au ubaki? Kwa kipindi hiki nakushauri usitoke, lakini usikae ulivyokuwa umekaa. Zima sauti ya kundi kwa wiki kadhaa. Chagua watu wawili, wenye CML kama wewe, wanaomeza dawa zao vizuri na wasiouza chochote, uwe unazungumza nao pembeni. Mmoja wao muombe wazi akuulize kila usiku kama umemeza, nawe umuulize. Baada ya muda, ukiona kila ukifungua kundi kubwa kifua kinabana, toka, usione haya na usiombe msamaha mrefu. Kundi ni la kukusaidia, hukula kiapo. Na pengine wakati umefika kundi ligawanywe, wa CML kivyao, wa lukemia kali kivyao, kwa sababu mwenye AML naye anaumia akiona ninyi mnalalamikia kope kuvimba wakati yeye anahesabu chembe sahani. Habari za vifo zitolewe, kuficha ni kubaya zaidi, watu watajua tu. Lakini atoe mtu mmoja, kwa maneno machache, aseme na aina ya ugonjwa kama familia imeridhia, na zisisambazwe picha za wodini.

Kuhusu huzuni yako, mwezi mmoja wa kukosa hamu baada ya kumzika rafiki ni jambo la kibinadamu. Ila zikifika wiki mbili mfululizo hulali, huli, watoto wanakuita huitiki, au mawazo yakija kwamba afadhali ungekufa, usingoje tarehe ya kliniki. Nenda siku hiyohiyo, na usiende peke yako. Mwambie muuguzi maneno hayohayo uliyojiambia moyoni, bila kuyapamba. Msongo wa namna hiyo hutibiwa, kwa mazungumzo na wakati mwingine kwa dawa, na daktari atachagua inayopatana na imatinib. Nenda hospitali haraka pia ukipata homa ya nyuzi 38 au zaidi, ukitokwa na damu puani au kwenye fizi bila kukoma, ukivimba miguu au uzito ukiongezeka ghafla, ukihema kwa shida, au ukipata maumivu makali chini ya mbavu za kushoto. Na kama siku zako zimepita, pima mimba mapema na uonane na daktari wako bila kuchelewa, kwa sababu imatinib inaweza kumdhuru mtoto tumboni, lakini kuiacha ghafla bila mpango kunakudhuru wewe.

Mwisho ni shemeji. Usimwone adui wa kundi. Ameona mke wake analia na simu mkononi kwa mwezi mzima, angesema nini? Nina hakika hajui kwamba AML na CML ni magonjwa mawili, kama nawe ulivyokuwa hujui, na pengine naye kila usiku anakuhesabia miaka. Tarehe ijayo ya kliniki nenda naye. Beba karatasi ya PCR ya sasa na zile za nyuma, na siku ulizoruka ziwe zimeandikwa. Mwache yeye mwenyewe amuulize daktari anayokuuliza wewe nyumbani. Kipimo kirudiwe baada ya miezi mitatu ya kumeza bila kuruka, na majibu hayo ndiyo yataonyesha kama imatinib iendelee au ibadilishwe.